Bwana Sila, Meneja Masoko wa Makole

Bi. Paulina Ndahani wa Makole alikuwa na vitu viwili ambavyo asingeviuza hata kwa mtutu wa bunduki: jina la marehemu mumewe, na mlenda. Jina, kwa sababu Nathanaeli Ndahani alikuwa Afisa Elimu aliyekwenda kazini kwa miguu huku gari la serikali limelala kivulini, na mji mzima ulijua. Mlenda, kwa sababu kwa Wagogo mboga hiyo ya kuteleza haina bei. Mgeni hupikiwa, akiondoka hufungiwa unga wake kwenye kitambaa, na kumtajia bei ni sawa na kumdai kodi ya kigoda alichokalia.

Basi shetani ana mzaha wake. Mjane huyohuyo ndiye aliyekuja kuviuza vyote viwili, tena kwa kompyuta.

Ilikuwa miaka ya soko huria, Dodoma nzima imegeuka duka. Mhasibu aliyepunguzwa kazi alitandaza mitumba barazani kwake. Mchungaji alifuga kuku wa mayai nyuma ya kanisa, karibu mno, hata Jumapili nyingine kuku walitangulia kuitikia amina. Bi. Paulina, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliwatazama wote kupitia dirishani, akasema, "Njaa haina shule," akafunga pazia. Lakini pensheni yake nayo ilikuja kama mvua ya Dodoma, kidogo na kwa kuchelewa, na paa la nyumba ya marehemu lilikuwa limeanza kumwonyesha nyota bila yeye kutoka nje.

Aliyeanza uchokozi ni binti yake, Emilia, aliyekuwa Uingereza akisomea uuguzi. Aliomba mlenda mkavu kidogo, mama akamtumia. Haukupita muda akapiga simu.

"Mama, wameumaliza."

"Nani?"

"Watanzania wenzangu. Walikuja kunisalimia, wakasikia harufu. Sasa wanataka kununua."

"Mlenda hauuzwi, Emilia."

"Basi wape bure, mama. Chama chetu kina watu zaidi ya mia."

Bi. Paulina alianza kuhesabu. Ukarimu wa Kigogo ni mkubwa, lakini haujawahi kupimwa kwa stempu za ndege.

"Wote wana barua pepe," Emilia aliendelea, kwa sauti ya mtu anayejua samaki ameonja chambo. "Hata walioko Uswidi na Norwei. Nitakuletea anwani zao, wamekubali. Wewe jifunze tu kuwaandikia. Siku hizi watu wanafanya biashara bila hata kutoka nje, hakuna anayekuona."

Hakuna anayekuona. Hayo ndiyo maneno yaliyomtoa Bi. Paulina nyumbani na mwavuli wake hadi kwa Mwajabu.

Mwajabu alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali mpaka alipopunguzwa. Wenzake walikula viinua mgongo vyao kwa harusi na ubatizo. Yeye alinunua kompyuta, akakodi chumba pale Makole, akaandika INTANETI juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Zaidi ya hayo alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, maana yake alikuwa mtani. Mnyamwezi ana ruhusa ya kumwita Mgogo mwizi mbele ya jeneza la baba yake, na malipo yake ni kikombe cha chai. Hashtakiwi, hanuniwi.

"Hodi humu."

"Karibu, mtani! Umekuja kuomba nini leo?"

"Nimekuja kusoma."

"Kusoma? Mgogo?" Mwajabu aligeukia wateja wake. "Jamani, nani ana kamera?"

Bi. Paulina alikaa, akaweka mkoba mapajani kama ngao. Alipopewa mausi ya kompyuta, aliikamata kama anayemshika kuku shingo.

"Legeza, mtani. Huchinji."

Mwajabu alikuwa mwalimu mkali kuliko alivyoonekana. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya masoko Dar es Salaam, na mengine alijisomea kwenye mtandao umeme ulipokuwepo. Alimfundisha mjane kwamba kuuza kwa mtandao si kupiga kelele mnadani, ni kumnong'oneza mtu mmoja mmoja. Kichwa cha barua kimchokoze mtu mpaka afungue. Barua yenyewe izungumze na msomaji kama vile ndiye mwanao wa pekee, imwombe jambo moja tu, na asiyetaka kuandikiwa tena aachwe alale. Aliyenunua aulizwe kama alishiba.

Bi. Paulina alisikiliza yote, akainama kuandika barua yake ya kwanza. Ilianza na S.L.P. upande wa kulia. Ikafuata tarehe. Ikafuata: YAH: UPATIKANAJI WA MLENDA MKAVU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwajabu aliisoma, akalaza kichwa juu ya meza.

"Mtani, hii ni barua ya kuuza mboga au ya kumfukuza mtu kazi?"

"Barua ni barua."

"Mtu yuko Uswidi, theluji imefika magotini, ana hamu ya kwao mpaka machozi yanaganda. Wewe unamwambia ahusike?"

Kumwambia mwalimu wa Kiswahili kwamba barua yake haina ladha ni kumtukania mama. Bi. Paulina alifuta yote, akatulia, akaandika upya. Kichwa kilisema: *Ugali umeiva. Mboga iko wapi?* Chini yake alieleza chungu kinachotokota, magadi kidogo tu, ugali wa uwele, na tonge linaloteremka lenyewe kabla hujakumbuka kulisukuma. Mwajabu alimeza mate, halafu akakasirika kwamba ameyameza.

"Chakula cha wasio na meno," alisema. "Lakini hii watafungua."

Likaja suala la kutia jina. Bi. Paulina alitazama mlangoni, kisha dirishani. Mke wa Nathanaeli Ndahani hawezi kutia saini chini ya mlenda wa kuuza. Akakumbuka Matendo ya Mitume: Paulo alipotiwa gerezani alikuwa na mwenzake. Akapiga herufi taratibu kwa kidole kimoja: *Bw. L. Sila, Meneja Masoko.*

"L ni nini?" Mwajabu aliuliza.

"Ludovick. Anaonekana ni mtu wa Ludovick."

"Haya. Sasa anwani zote zibandike hapa, kwenye nakala ya siri, wasionane."

Bi. Paulina alivua miwani. "Nakala ya nini?"

"Ya siri."

"Mwajabu, mume wangu aliandika barua za serikali maisha yake yote. Chini aliorodhesha nakala zimekwenda kwa nani, kila mtu akajua nani mwingine amesoma. Nakala ya siri ni ya wambea na wachongezi. Humu haimo."

"Watajibizana, mtani! Mmoja akijibu, wote wanapata!"

"Wakijibizana ni watu waliosoma. Watajibizana kwa adabu."

Mwajabu alitazama dari, kama anayemwomba Mungu amhesabie kwamba alisema. Anwani zote zikawekwa mchana kweupe. Na mwisho kabisa, kwa mazoea ya mkono, Bi. Paulina akaweka sanduku la posta la kuletea maulizo: lile la nyumbani, la marehemu.

Barua ikaenda. Kwanza ilikuja oda moja, kisha nyingine zikafuatana kama mbuzi wanaorudi zizini. Ndugu za wanunuzi walilipa kwa niaba yao, vifurushi vikapita posta. Kule kijijini Mkonze, Evelina, aliyepelekewa maagizo na Mwajabu, na wanawake wenzake walichuma, wakaanika, wakatwanga na kuchekecha, wakidhani wanamtumikia tajiri fulani wa mjini. Paa la marehemu likapata mabati. Majirani walipouliza, Bi. Paulina alisema, "Mungu hamtupi mjane," jambo ambalo halikuwa uongo.

Kilichomshangaza ni jinsi alivyompenda Bw. Sila. Mjane alikuwa mtu wa kupima maneno. Sila alikuwa mcheshi. Sila aliwauliza wateja hali ya baridi. Aliwatania waliooa wazungu kama wake zao wameshajua kusonga ugali. Mwanafunzi mmoja alipolalamika kwamba mlenda wake umevutika kutoka sahani hadi shati, Sila alimjibu kwamba kampuni hairudishi fedha kwa mashati. Bi. Paulina alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani, mpaka alipofika karibu na kanisa, akajirekebisha uso.

Ndipo alipoingia Masudi.

Masudi alikuwa Mnyamwezi, mwanafunzi huko Uswidi, na baridi ilikuwa imemnyima watani kwa muda mrefu. Alijibu barua ya Sila na kuipeleka kwa wote: *Ndugu Sila, wewe ni nani? Tangu lini Mgogo akauza? Mgogo huomba! Huyu ni tapeli, jamani, tunalishwa majani ya mpera. Ataje ukoo wake.*

Ile adabu ya watu waliosoma ikaonekana. Mhehe akaingia kumtania Masudi. Mnyaturu akadai mlenda ni wa Singida, Wagogo waliuiba. Sanduku la barua la Sila likajaa hata kompyuta ya Mwajabu ikawa inahema. Katikati ya vurugu hiyo akajitokeza kijana mwema, mzaliwa wa Makole, akaandika kwa uchungu: *Msimtukane Bw. Sila. Sanduku lile la posta nalijua. Ni la marehemu Mzee Ndahani. Sila ni mtu wa nyumba ile.*

Alimtetea mpaka akamwua.

Kwa maana watu wale walikuwa na ndugu Dodoma, na simu zilikuwepo. Habari iliondoka Makole kama tangazo la mboga, ikazunguka Ulaya, ikarudi Makole ikiwa imevaa suruali: mjane wa Ndahani ameweka mwanamume ndani. Tena meneja.

Bi. Paulina aliona dalili kabla hajajua ugonjwa. Kanisani akina mama walimsalimia kwa utamu uliopita kiasi. Muuza maziwa alisimama mlangoni akiinamisha macho. "Mama, siku hizi niongeze nusu lita?" Fundi aliyeweka mabati alimuuliza kama mzee ameridhika na kazi.

"Mzee gani?"

"Basi, mama," fundi alisema, akaondoka haraka.

Alhamisi alfajiri akaja Bartolomayo Ndahani, kaka wa marehemu, hakimu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu aliyekohoa kabla ya kusema ili ushahidi ukae vizuri.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Alikaa, macho yake yakapita mlangoni palipowekwa viatu, yakapanda kwenye misumari ya kutundikia makoti, yakarudi. "Mama Emilia, jina la ndugu yangu ni safi?"

"Ni safi, shemeji."

"Sila ni nani?"

Bi. Paulina alikuwa ameshika chai. Aliiweka chini isimwagike. Katika kukwepa aibu ndogo alikuwa ameikaribisha kubwa, akaipa na cheo. Sasa milango ilikuwa miwili: akubali mwanamume ambaye hana, au akubali mlenda ambao anao.

"Jumamosi ukoo unakaa," Bartolomayo alisema. "Nyumba hii ni ya Ndahani. Mtu akitaka kuishi na Sila, atakwenda kuishi kwa Sila."

"Shemeji, Sila hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hajawahi kuwepo."

Bartolomayo alikohoa. "Barua zake nimezisoma. Zimechapwa, nimeletewa. Nani anaziandika?"

"Mimi."

Mzee alicheka, kicheko cha mahakamani. "Mama Emilia, usinifanye mtoto. Zile barua ni za mwanamume aliyesoma sana, tena mwenye akili."

"Asante, shemeji," alisema Bi. Paulina, kwa sababu sifa ni sifa.

Kicheko kikakatika. Bartolomayo akamwangalia shemeji yake, akaangalia mabati mapya, akamwangalia tena. "Kwa hiyo mwanamume hayupo."

"Hayupo."

"Ila mlenda upo. Unauzwa. Na mke wa Nathanaeli."

"Upo."

Mzee aliegemea fimbo yake.

"Heri angekuwepo mwanamume," alisema.

Lakini hakimu haamini maungamo bila kielelezo. Alitaka kuona kwa macho yake huyo mjane akiandika kama Sila, vinginevyo Jumamosi iko palepale. Wakaongozana hadi kwa Mwajabu, yeye mbele na fimbo, Bi. Paulina nyuma na mwavuli, na Makole nzima mapazia yakitikisika.

"Shikamoo, mzee," Mwajabu alisema. "Leo Wagogo wamekuja wawili. Nifungie vikombe kabatini?"

Bartolomayo alimpita na fimbo yake. Alivuta kiti karibu na kompyuta. Bi. Paulina akaifungua barua pepe ya Sila, vidole vikienda vyenyewe, na mzee akaona kwa mshangao kwamba shemeji yake hatazami hata herufi. Juu kabisa palikuwa na barua mpya ya Masudi, imekwenda kwa wote.

*Sila kimya! Niliwaambia. Hakuna ukoo wa Kigogo wenye ubavu wa kutia jina lake kwenye pakiti ile. Wangejuaje kuuza? Wao wanajua kunyoosha mkono tu.*

Bartolomayo aliisoma. Akavaa miwani, akaisoma tena.

"Hii wameisoma wangapi?"

"Wote, shemeji. Majina si unayaona hapo juu? Kila mmoja."

"Na huyu mtoto ni wa nani?"

"Wa kwetu," Mwajabu alisema, akijipigapiga kifuani. "Tabora."

Fimbo ilipiga sakafu. "Mjibu!"

Bi. Paulina alikunja mikono mapajani. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mwanakwaya. "Siwezi, shemeji. Mambo haya nimeyaacha tangu asubuhi hii. Nilinde jina."

"Jina gani limebaki hapo? Limetukanwa mpaka Norwei! Andika!"

"Niandike nini?"

"Andika ninachosema." Alisimama, maana hakuwahi kutoa hukumu akiwa amekaa. "Mtani Masudi. Babu zako walipita Ugogo wamebeba pembe za ndovu vichwani, ulimi nje kwa kiu. Wakayaona maji yetu. Wakalipa hongo, ushuru wa njia wa enzi hizo, ndipo wakanywa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye kisima ukoo wake. Umepita kwetu. Umekula. Lipa!"

Chumba kizima kilikuwa kimeacha kazi zake. Mwajabu, ambaye babu zake ndio waliokuwa wametolewa ulimi nje, alikuwa anapiga makofi. "Mzee, hilo si jibu, hilo ni tangazo! Nimesomea Dar es Salaam, sijafundishwa hivyo!"

"Nimetia nukta, shemeji," alisema Bi. Paulina. "Chini niweke nani? Sila?"

"Sila wa kazi gani! Weka Ndahani."

"Ndahani yupi?"

"Ndahani wa Makole, mwenye sanduku la posta!"

"Mwenye sanduku kwa sasa ni mimi."

Bartolomayo alifungua mdomo. Aliona mtego, lakini aliuona kama panya anavyouona, mkia ukiwa tayari ndani. Watu walikuwa wanamtazama. Mnyamwezi alikuwa anamtazama.

"Basi weka wewe," alisema. "Lakini uandike na 'kwa niaba ya ukoo'."

Akaandika: *Paulina Ndahani (Bi.), mwenye kiwanda, kwa niaba ya ukoo wa Ndahani, Makole, Dodoma.* Kidole kikasita kidogo juu ya kitufe. Alijua kwamba kikishuka hakuna pazia tena. Kesho mchungaji atajua, na mhasibu wa mitumba atajua, naye atakuwa muuza mboga kama wao. Akajiambia moyoni kwamba Nathanaeli alitembea kwa miguu na mji ukajua. Akashusha kidole. Ila kabla ya hapo, mzee akiwa anafuta miwani, aliongeza chini mstari mdogo wa bei.

Masudi alijibu kabla Bartolomayo hajamaliza soda aliyonunuliwa na Mwajabu. *Nimeshindwa. Huyu ni Mgogo halisi, hata anavyodai ni kwa fimbo. Naomba pakiti kubwa, na shikamoo kwa mzee.* Nyuma yake wakaja wengine, wakiagiza kwa neno moja: hongo. Mmoja alitaka hongo mbili.

Jumamosi ukoo ulikaa kama ulivyoitwa. Shangazi za marehemu waliokuja kumtimua Sila waligombana hadi jioni kuhusu kiasi cha magadi, kila mmoja akidai mlenda wa mama yake ndio uingizwe kwenye pakiti. Kikao kiliazimia kwamba jina la Ndahani liandikwe kwa herufi kubwa, na kwamba Bw. Sila aondoke.

Hilo la pili lilimpa Bi. Paulina kazi. Alifikiria kumfisha, lakini Mwajabu akamzuia. "Mtani, ukimwua watachanga rambirambi. Utazipeleka wapi?" Basi akamfanyia kama serikali inavyofanya: aliwatangazia wateja kwamba Bw. Ludovick Sila amehamishwa kikazi, na kwamba kampuni inamtakia heri.

Walisikitika kuliko alivyotarajia. Dada mmoja wa Norwei aliandika pembeni, peke yake, kwa maneno ya aibu kidogo. Alisema barua za Bw. Sila zilimsaidia sana wakati wa giza la Desemba, na angependa kujua anwani yake mpya, kama si vibaya, na kama yuko peke yake huko aliko.

Bi. Paulina alimwonea huruma ya kweli. Alikaa mbele ya kompyuta bila kuandika. Bartolomayo, ambaye siku hizo alikuja kila wiki kulinda jina na kunywa soda, aliinama kusoma begani kwake.

"Mwambie ameoa."

"Ameoa nani, shemeji? Watu wa mtandaoni wanauliza mpaka mwisho."

Mzee alikohoa. Akamtazama Mwajabu aliyekuwa anafuta vumbi mezani, akafikiri kama hakimu.

"Mnyamwezi."

"Maskini Sila," alisema Bi. Paulina, akaanza kuandika.

"Nimesikia!" Mwajabu alipaza sauti. "Mahari yangu iko wapi?"